Hundi Moja Nje ya Orodha

Serikali ya Marekani iliwahi kushtakiwa kwa sababu ya kodi yangu mimi, Denny Roush, mpiga msasa wa majeneza, na wala si mimi niliyeishtaki. Aliyeishtaki ni Verda Stuckey, karani wa fedha wa kiwanda chetu. Kodi yenyewe ilikuwa dola mia mbili themanini na sita. Watu wa mji wetu huisimulia kesi ile kana kwamba ilianzia mahakamani, ndiyo maana hawaielewi. Mimi nitaanza na Verda.

Alizaliwa mwaka 1936 hapahapa Corliss, Indiana, nyumba ya tatu kutoka kanisa la Walutheri. Baba yake alikuwa seremala wa kiwanda hichohicho. Alipomaliza sekondari alijifunza kupiga chapa na kuandika hati mkato, na mwaka 1955 akaingia ofisini kwa Amstutz na Mwana, watengenezaji wa majeneza ya mbao. Hakutoka mpaka siku mlango ulipotiwa kufuli. Hakuolewa. Palikuwa na kijana mmoja wa duka la mbegu, wanasema, lakini mama yake Verda akashikwa na ugonjwa wa sukari, miguu ikawa haimchukui, na kijana wa mbegu akaenda zake Ohio akaoa hukohuko. Mama alipofariki mwaka 1971 alimwachia binti yake nyumba, haina deni hata la senti, na mipeasi miwili uani ambayo matunda yake hayakuwahi kulainika. Verda aliyapika hivyohivyo, akayatia kwenye chupa, akatugawia, nasi tukayala kwa heshima yake.

Msimwonee huruma kwa hayo. Kila Jumanne jioni alicheza bolingi, ule mchezo wa kubingirisha mpira mzito kuangusha pini, kwenye timu ya kiwanda, na aliwafunga wanaume wa idara ya rangi mpaka wawili wakahamia ligi ya Alhamisi wakisema Jumanne wana shughuli.

Bosi wetu alikuwa Dwight Amstutz, yaani yule Mwana wa kwenye kibao. Alirithi kiwanda mwaka 1958. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu asiyependa kukaa ofisini. Alipenda kuvua samaki kwenye maziwa ya Michigan, na mwaka 1969, kwa kuwa hundi zilikuwa zikimsubiri yeye na samaki hawamsubiri mtu, alimchukua Verda mpaka benki akaandikisha sahihi yake. Kuanzia siku hiyo Verda aliweza kusaini hundi yoyote ya kiwanda. Utaratibu ulikuwa huu: kila Jumatatu asubuhi Dwight alipiga simu kutoka popote alipo, akamtajia nani alipwe wiki hiyo. Verda akaandika majina kwenye daftari la manjano, kisha akaandika hundi kufuata orodha, akasaini. Mkono ulikuwa wake, maamuzi yalikuwa ya Dwight. Walikwenda hivyo miaka kumi na sita.

Desemba kulikuwa na mapaja. Msomaji asiyekula nguruwe anivumilie, lakini kwetu Krismasi bila paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi ni Jumapili ya kawaida tu. Dwight aliianza desturi hiyo mwaka aliorithi. Ijumaa ya mwisho kabla ya sikukuu tulipanga foleni kwenye mlango wa kupakilia mizigo, naye amesimama pale na koti lake la kola ya manyoya. Anakukabidhi paja, anakushika mkono, anakuuliza hali ya mkeo akimtaja mke wa mwenzako. Tulimcheka tukishateremka ngazi. Hata hivyo sikumbuki mtu aliyekosa foleni ile, wagonjwa walituma kaka zao.

Kufikia mwaka 1984 biashara ilikuwa imeoza. Watu hawakuacha kufa, ila waliacha kutaka mbao. Walitaka majeneza ya chuma yenye mito ya hariri, au walitaka kuchomwa, jambo ambalo kwa kiwanda kama chetu ni tusi. Dwight akahamia Florida kwa ushauri wa daktari, kwa sababu ya moyo, na akaendelea kupiga simu za Jumatatu kutoka huko. Desemba ile hakuja. Mlangoni alisimama Verda, amevaa glavu za bustani, na mapaja arobaini na matatu yamepangwa kwenye mkokoteni wa kusukumia majeneza.

"Bosi hajambo huko kwenye jua?" nikamuuliza.

"Hajambo."

"Mwambie asante bwana. Hata mwaka huu, na hali hii!"

"Nitamwambia," akasema, akampa aliyenifuata.

Sote arobaini na watatu tulisema hivyohivyo. Mimi nilizidisha. Januari nilisimama kwenye kidirisha chake nikamwambia, "Mwambie Dwight paja la mwaka huu lilikuwa chumvi tupu. Watoto wangu wamekunywa maji mpaka Jumatano." Verda akaandika kitu kwenye kikaratasi. "Nitamfikishia," akasema.

Machi kiwanda kikafungwa. Benki ikachukua mashine, ikachukua mbao, na ikachukua hata majeneza kumi na moja yaliyokuwa darini. Hayo hayakuwa ya kuuza. Ukitimiza miaka ishirini na mitano kwa Amstutz ulichagua jeneza lako, likawekwa darini na jina lako kwa chaki, likikusubiri. La Verda lilikuwa la mbao za mcheri, na jina alikuwa ameliandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa ofisini. Nilipomwambia pole alisema hakuwa na haraka nalo.

Barua ilifika Juni 1986.

Nitaieleza kama nilivyoelezwa. Mwajiri akikulipa mshahara hukata kodi yako kwanza, na ile aliyokata si mali yake, ni amana anayoipeleka serikalini. Kuanzia Julai mpaka Desemba 1984 kiwanda kilikata na hakikupeleka. Sisi hatukudaiwa, maana kwetu ilikwishakatwa. Kiwanda kilikuwa kimefilisika. Hapo sheria humtafuta mtu mwenyewe, yeyote aliyekuwa na uwezo wa kuilipa serikali, akajua inadai, akachagua kumlipa mwingine. Huyo hulipa kwa mfuko wake. Dwight walikwishampata, lakini Dwight alikuwa na nyumba tu, nayo iliandikwa kwa jina lake na la mkewe, na sheria ya wakati ule haikuruhusu ichukuliwe kwa deni la mmoja. Ya Verda ilikuwa kwa jina lake peke yake. Verda aliandikiwa kwamba anadaiwa dola elfu hamsini na nane na mia tisa. Nyumba yake na mipeasi na kila kilichomo isingefika elfu thelathini na tano.

Alikuja kwangu Jumamosi moja. Nilikuwa chini ya gari.

"Denny, nataka kulipa kodi yako."

"Lipa," nikasema hukohuko chini. "Lipa na ya mwaka huu."

"Ya miezi mitatu tu. Julai mpaka Septemba, themanini na nne. Toka huko, siwezi kuongea na viatu."

Nikatoka. Akanieleza kwamba mahakama ya shirikisho haimsikilizi mtu kwa kuwa ana barua mkononi. Lazima alipe kwanza, ndipo aishtaki serikali imrudishie. Elfu hamsini na nane hana, lakini sheria inaruhusu ulipe sehemu ya mfanyakazi mmoja, ya robo moja ya mwaka, na hiyo inatosha kufungua mlango. Kisha serikali nayo itadai zote zilizobaki, na jaji atakata kwa pamoja.

"Na katika watu wote ukaniona mimi?"

"Wewe ndiye wa bei rahisi. Una watoto watano, na uliumwa mgongo wiki tatu."

"Wenzangu wanachaguliwa kwa sura."

"Hata kwa sura ungebaki bei hiyohiyo," akasema, na ndipo nikajua hakuja kunililia.

Kesi ilisikilizwa Aprili 1988, Fort Wayne, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Nilimwendesha mimi, kwa sababu gari lake lilikuwa bovu na kwa sababu, nasema kweli, nilitaka kuona kodi yangu ikigombewa. Wakili wake alikuwa Colleen Pruett, binti wa mwenzake wa bolingi, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, anayetembea upesi, aliyemtoza ada ya kirafiki. Wakili wa serikali aliitwa Kessinger. Alikuwa mpole, anakuvutia kiti ukae, na watu wa namna hiyo huwa siwaamini. Walioketi kuamua walikuwa raia wanane: wakulima, mwalimu mmoja, fundi bomba mmoja, mama mmoja mwenye sweta ya kijani aliyenifanya nimfikirie shangazi yangu.

Jambo la kwanza halikuwa na ubishi. Verda alijua. Daftari zake zilionyesha kwamba kila Jumatatu alimuuliza Dwight, "Na ya serikali?" na kila Jumatatu Dwight akajibu, "Wiki ijayo." Mara moja alijibu kwamba serikali haijawahi kufa njaa, nayo Verda akaiandika, maana aliandika kila kitu. Likabaki swali moja tu, na nyumba ilikuwa inaning'inia hapo: je, alikuwa na uwezo wa kuchagua nani alipwe, au alikuwa mkono wa kusainia tu?

Pruett aliweka mezani daftari za manjano na hundi za miezi ile sita. Hundi mia sita na kumi na moja. Akawaonyesha wale wanane moja baada ya nyingine, wiki baada ya wiki: Dwight ametaja, Verda ameandika, Dwight ametaja, Verda ameandika. Fundi bomba alianza kusinzia, na hiyo ilikuwa ishara njema, kwa sababu mtu husinzia pale jambo likishamwingia. Nilihesabu moyoni kwamba tutarudi Corliss kabla ya chakula cha jioni.

Kisha Kessinger akasimama, akasema wakili mwenzake amefanya kazi nzuri sana, ila mia sita na kumi zina jina kwenye orodha. Moja haina. Akainyanyua. Desemba 18, 1984, bucha la Neuhaus, dola mia nane na kumi na saba. Sahihi ya Verda Stuckey.

Yalikuwa mapaja yetu.

Haikuwa habari mpya kwa Pruett, alikuwa na dawa yake. Dwight hakuweza kusafiri kwa sababu ya moyo, kwa hiyo ushahidi wake ulichukuliwa Florida na ukasomwa mahakamani asubuhi hiyo. Mengine yote aliyaruka ruka, hakumbuki, labda, huenda. Lakini alipoulizwa habari za mapaja aliamka. "Mapaja hayo ni yangu," alisema. "Tangu hamsini na nane sijakosa hata Krismasi moja, muulizeni yeyote. Bila shaka nilimwambia Verda ayaagize. Nani mwingine?" Hakujua kwamba anamwokoa mtu. Alikuwa anatetea foleni yake.

Nami nikaitwa. Pruett akaniuliza kama nilipokea paja mwaka ule. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nilimshukuru nani.

"Dwight," nikasema. "Nilimwambia Verda amfikishie."

"Na wenzako?"

"Wote hivyohivyo. Mapaja yalikuwa ya Dwight siku zote."

Pruett akatabasamu. Nilishuka nikijiona nimefanya kazi ya maana. Nilimtazama Verda nikitarajia aniitikie hata kwa kichwa. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Mahakama ilipumzika mchana. Tuliketi kwenye benchi la ukumbini, sisi watatu, Verda amefungua mkate wake wa mayai kwenye karatasi ya nailoni, mwingine amenipa mimi.

"Mama Verda," Pruett akasema, "tukirudi Kessinger atakuuliza hundi ile ilitoka kwa nani. Bosi wako amekwishasema ilitoka kwake. Denny amesema hivyohivyo. Wewe ukisema ndiyo, yamekwisha, tunakwenda nyumbani."

"Nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwako. Si ndiyo tunayoipigania?"

Verda akatafuna, akameza. "Na kama hakuwa yeye?"

Pruett aliacha kutabasamu. Alitazama huku na huku ukumbini. "Siwezi kukwambia useme uongo," akasema taratibu. "Nikikwambia hivyo na mimi sina kazi. Ninachoweza kukwambia ni kwamba miaka zaidi ya mitatu imepita, na mtu husahau. Hakuna atakayekushangaa ukisema hukumbuki."

"Mimi sisahau, mwanangu. Ndiyo kazi yangu."

"Basi mimi sijui," Pruett akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Sijui, mama. Kula kwanza."

Nilidhani anatutania. Narudia, nilidhani ni ule utani wake mkavu, na nikamalizia mkate wangu.

Alipanda kizimbani saa nane kasoro. Kessinger akamvutia kiti. Akamuuliza mambo ya benki, ya sahihi, ya simu za Jumatatu, akajibiwa. Kisha akaiweka ile hundi mbele yake.

"Bibi Stuckey, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Bwana Amstutz anasema alikuagiza. Ni kweli?"

Verda aliivuta hundi karibu, akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma. Jaji Lathrop, mzee mwenye kikohozi, akainama. "Mama, umelielewa swali?"

"Nimelielewa, Mheshimiwa. Nimesubiri mtu aniulize tangu themanini na nne." Akamgeukia Kessinger. "Si kweli. Jumatatu ya tarehe kumi na saba nilimuuliza habari za mapaja. Alisema mwaka huu hakuna. Alisema watu wataelewa. Mimi nikaagiza."

"Wewe mwenyewe."

"Mimi mwenyewe. Nilimpigia Neuhaus, nikamwambia arobaini na matatu."

"Ukijua serikali haijalipwa."

"Nikijua."

"Kwa nini?"

Pruett alikuwa amesimama nusu, akakaa tena. Hata Kessinger, nadhani, hakuhitaji swali hilo, alikuwa amekwishapata alichotaka. Aliuliza kama binadamu.

"Kwa sababu kiwanda kilikuwa kinakufa, na pale ofisini nilikuwa najua peke yangu," Verda akasema. "Kila siku walipita kwenye kidirisha changu wakiniuliza mwakani kutakuwaje, nami nimekatazwa kusema. Wana watoto. Nikaona angalau wasiende nyumbani mikono mitupu. Hilo ndilo nililoweza."

Mama wa sweta ya kijani alitafuta kitu kwenye mkoba wake na hakukipata. Mimi nilikuwa nahesabu kwa namna nyingine sasa. Ikiwa aliweza kumlipa bucha bila kumuuliza mtu, basi aliweza kuilipa serikali bila kumuuliza mtu. Hata mpiga msasa aliliona hilo. Kessinger alilisema tena baadaye kwa maneno mengi na mazuri, lakini hakukuwa na haja.

Wale wanane walikaa ndani saa mbili. Walipotoka hawakumtazama. Walisema alikuwa na uwezo, alijua, na alichagua. Jaji alikohoa, akasema sheria haina kifungu cha mapaja ya Krismasi, na angekuwapo mahali pengine angesema mengine. Ikaandikwa kwamba serikali imeshinda, na dola mia mbili themanini na sita za Denny Roush hazitarudi.

Nilimkasirikia. Sitaficha. Njiani kurudi nilijizuia mpaka tulipopita mji wa Bluffton, na baada ya hapo nikashindwa.

"Neno moja, Verda. Ndiyo. Ndilo lililokuwa linatakiwa, na yule mzee mjinga kule Florida amekuandalia kila kitu kwenye sahani."

"Najua."

"Utalala wapi?"

"Sijui bado."

"Basi angalau niambie umefanya nini, maana mimi naona umempa Kessinger nyumba ya mama yako."

Akafungua mkoba, akatoa pipi, akanipa moja, akala moja. Hilo nalo lilinikasirisha.

"Denny," akasema, "miaka kumi na sita niliandika alichotaja yeye. Mamilioni ya dola yamepita kwenye mkono huu. Mia nane na kumi na saba peke yake ndizo nilizoamua mimi. Hizo nazo ziwe zake?"

Nilikumbuka mlango wa kupakilia mizigo, na glavu zake, na jinsi nilivyosema mwambie asante. Nilikumbuka na habari ya chumvi. Ningeweza kusema kitu hapohapo garini, tulikuwa na nusu saa nzima ya mashamba, lakini nilikuwa bado nina hasira na nikaona haya, na viwili hivyo vikichanganyika mdomo haufunguki. Nilimshusha nyumbani kwake nikamwambia nitakuja kuangalia lile gari.

Nyumba iliuzwa vuli ileile. Aliyenunua alikata mipeasi, na siwezi kumlaumu. Verda alihamia vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akapata kazi jikoni kwenye shule ya msingi, na deni lililobaki akawa analipa kidogo kidogo kila mwezi kwa makubaliano, kila tarehe tano, bila kuchelewa. Aliacha bolingi mwaka mmoja, kisha akarudi. Watu walimsema, kama watu wanavyosema. Wengine walimwita mtakatifu, wengine mpumbavu, na wengi walisema yote mawili kwa pamoja wakiwa kwa kinyozi. Hakuna aliyekwenda kumwambia asante, kwa sababu asante ilikwishatolewa, na ilitumwa Florida.

Dwight alifariki Februari 1993. Walimleta Corliss azikwe na wazazi wake. Kanisa lilijaa, na wengi wetu wa kiwandani tuliketi upande mmoja kwa mazoea, idara kwa idara. Jeneza lilikuwa la chuma, rangi ya fedha, limetoka Ohio. Idara ya rangi walilitazama muda mrefu wakanong'onezana. Verda aliketi nyuma yangu, na koti lake la kahawia, kitabu cha nyimbo magotini.

Mchungaji alikuwa mgeni, hakumjua marehemu, alisoma alichoandikiwa na familia. Alisoma habari za samaki. Alisoma habari za wajukuu. Kisha akafika hapa: kwamba Dwight Amstutz aliwapenda wafanyakazi wake kama jamaa zake, na tangu mwaka 1958 mpaka kiwanda kilipofungwa hakuwahi kukosa kuwapa zawadi ya Krismasi, hata mwaka mmoja.

"Mmoja," Verda akasema.

Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayesahihisha jumla. Lakini kanisa letu lina dari ya mbao, tuliijenga sisi kwa mabaki ya kiwanda, na sauti hutembea. Mchungaji akanyanyua uso kutoka kwenye karatasi. Mjane wa Dwight hakugeuka. Kisha mchungaji akaendelea na zaburi.

Baada ya maziko tuliteremka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kula. Kina mama walikuwa wametandaza kilichozoeleka kwenye misiba ya kwetu: saladi ya viazi, maharage, na mikate laini yenye vipande vya paja la nguruwe. Foleni ilikuwa ndefu. Nilijikuta nimesimama na Verda, sahani mkononi, mimi na miaka yangu hamsini na minne. Nilikuwa na maneno ambayo nilikaa nayo miaka mitano, na hakukuwa na mahali pazuri pa kuyaweka, kwa hiyo nikayaweka pale.

"Verda," nikasema, "asante kwa lile paja."

Alichukua mkate, akauweka kwenye sahani yangu. Akachukua mwingine, akauweka kwenye yake. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini sauti ilikuwa ileile ya kidirishani.

"Karibu, Denny," akasema. "Nilimwambia Neuhaus kuhusu chumvi."